Jicho la Paa na Shuka za Zahanati

Siku ile mjinga alikuwa fundi funguo, na yeye mwenyewe habishi. Ukipita kibandani kwake ukamuuliza, atakujibu huku anachonga ufunguo wako, "Mjinga nilikuwa mimi. Wengine walikuwepo, lakini hao walikuja kunisaidia tu." Kisha atakuuliza unataka nakala moja au mbili.

Mambo yalianza na shati. Mkewe alikuwa dobi, na kwa kuwa mikono yake haikukauka kuanzia asubuhi hadi jioni, jengo zima lilimwita Mama Povu. Alifulia watu wa mtaani nguo mojamoja, lakini kilichokuwa kinaweka sufuria jikoni ni kazi ya zahanati iliyo mwisho wa barabara: shuka, foronya, makoti meupe na mashati ya watumishi. Alifulia bafuni, akaanika juu ya paa la jengo. Kila nguo ya mtumishi aliitia uzi wa rangi ndani ya kola, kila mtu na rangi yake, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kwenda nyumbani na suruali ya mwenzake.

Alhamisi hiyo alirudi kutoka zahanati akalitua kapu tupu sakafuni, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Ukimwona Mama Povu amekaa kabla ya saa sita, ujue kuna msiba.

"Kuna nini?" mumewe aliuliza. Alikuwa anamalizia chai kabla ya kwenda kibandani, kitabu mkono mmoja, kikombe mkono wa pili.

"Shati la daktari halipo."

"Si ulisema limeonekana?"

"Lililoonekana ni la mtu wa maabara. Lilipotea, likarudi. Na kabla yake la dereva. Likapotea, likarudi. Sasa ni zamu ya daktari." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Sista mkuu kanishika mkono, kanipeleka pembeni. Pembeni yenyewe ni pale kwenye benchi la wagonjwa, kila mwenye masikio anasikia. Ananiambia, mama, kesho asubuhi lete mzigo kamili. Ukipungua hata kitambaa, usije tena na kapu. Njoo utusalimie tu."

Binti yao, aliyekuwa ananyoosha foronya mezani kabla ya kwenda shule ya mchana, aliinua pasi. "Mimi sielewi. Mwizi gani anarudisha? Tena lile la dereva lilirudi limepigwa pasi. Kola ilikaa vizuri kuliko unavyoikalisha wewe, mama."

"Nyoosha foronya," mama yake alisema.

"Hiyo ndiyo mbinu," fundi alisema bila kuinua macho. "Anakuzoesha kupotelewa. Ukishazoea, anabeba kapu zima."

"Umeyatoa wapi hayo?"

Wote waliona alikoyatoa. Alikuwa ameyashika.

Kilikuwa kitabu cha katuni, cha zamani, kimefungwa kwa gundi na subira. Muuza vitabu vya mitumba alikuja kuchongewa ufunguo akiwa hana kitu mfukoni, akaacha kitabu. Fundi alipoona jalada, nusura amkumbatie. Jicho la Paa! Alipokuwa mwanafunzi alimjua Jicho la Paa kuliko alivyozijua hesabu za kugawanya: mtu aliyetengeneza taa za barabarani mchana, na jua likizama akavaa kinyago alichokikata kwenye koti la mvua, akaruka juu ya mapaa kuwasaka waovu. Toleo hili lilihusu siku zake za mwanzo, kabla hajaijua kazi. Anaruka, anadondoka. Anavunja vigae vya watu. Kamba yake haifiki. Adui anayemtoa jasho kuliko wote ni mbwa wa muuza nyama.

Utotoni fundi alikuwa anaruka kurasa hizo kwenda kwenye ngumi. Sasa, akiwa na mvi na kitambi kidogo, alizisoma polepole, akazirudia. Ngumi zilimchosha. Alichokipenda ni pale shujaa anapofika nyumbani alfajiri, anakaa kitandani anajikanda magoti, na saa ya ukutani inamwambia ni wakati wa kwenda kazini. "Huyu ana magoti kama yangu," alimwambia mkewe usiku mmoja, naye mkewe akamwambia azime taa. Na kulikuwa na ukurasa ambao shujaa, baada ya kufukuza kivuli chake mwenyewe mtaa mzima, anajifunza somo lake la kwanza: mwizi hafuatwi, mwizi husubiriwa.

Maneno hayo fundi aliyasoma siku hiyo kwa mara ya kumi na ngapi sijui, akayaona yameandikwa kwa ajili yake.

Wakati wote huo maji yalikuwa yanamwagika bafuni. Mdogo wake Mama Povu, aliyekuwa analala kwenye kochi lao tangu kiwanda cha viatu kilipofungwa, alikuwa anaoga. Dada yake aliposema "shati la daktari", maji yaliacha kumwagika. Baadaye kidogo kijana alitoka amevaa jaketi, zipu imefika kidevuni, akaaga.

"Na joto hili?" dada yake alimwuliza.

"Asubuhi kuna upepo, dada."

"Kunywa basi chai."

"Nimeshiba," alisema, na huo ulikuwa uongo wa pili.

*

Hakuwa mwizi, kama mwenzangu ulivyokwisha kubahatisha. Alikuwa mtu mwenye fulana nne na hana shati.

Kazi ya viatu haikudai shati, ilidai aproni. Alipoanza kuzunguka kutafuta kazi nyingine ndipo alipogundua kwamba mlangoni watu humwangalia mtu shingo kabla ya uso. Duka la kwanza walimwambia nafasi imejaa. La pili mlinzi alimwuliza amekuja kupakua mzigo gani. Siku aliyochukua shati la dereva kwenye kamba, alisikilizwa mpaka mwisho. Hakupata kazi, lakini alisikilizwa. Akarudi akalifua, akalinyoosha wakati dada yake yupo paani, akalirudisha kapuni, na moyo wake ulikuwa mzito na mwepesi kwa wakati mmoja.

Asubuhi hiyo alikuwa duka la samani. Walitaka mtu wa kupokea wateja. Mwenye duka, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwapanga waombaji kwenye makochi ya kuuza ambayo bado yana nailoni, akawaambia wasiegemee. Kila mmoja aliitwa atoke nje, aingie tena, ajifanye muuzaji, na yeye mwenye duka ajifanye mteja mgumu.

"Kitanda hiki kina kelele," alimwambia kijana ilipofika zamu yake.

"Mama, hakina kelele. Anayelala juu yake ndiye atakuwa na kelele, na huyo sisi hatumuuzi."

Mwenye duka alicheka hadi miwani ikatikisika. Kisha alifanya jambo ambalo kijana hatalisahau: alinyoosha mkono akaishika kola ya shati kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa. Kijana aliacha kupumua.

"Nani anakufulia?"

"Dada yangu."

"Mwambie dada yako ana mikono. Njoo Jumatatu. Na uje hivihivi ulivyo, umenisikia? Sitaki mtu aniahidi shati halafu aniletee fulana."

Alirudi nyumbani kwa miguu, jaketi mkononi, mikono ameitanua kidogo mbali na mbavu ili asilitie shati jasho. Waliopita naye walidhani ana majipu. Alikuwa anapanga: atapanda moja kwa moja paani, palipo na bomba na beseni, alifue, alianike katikati ya shuka, na dada akija kuanua atalikuta. Mzigo utakuwa kamili. Ya Jumatatu atayafikiria Jumapili.

*

Fundi naye alikuwa anapanga. Alifunga kibanda kabla ya adhuhuri akamwacha mteja mmoja amesimama na kitasa chake mkononi.

"Fundi, nimefungiwa nje ya nyumba yangu."

"Pole. Kuna jambo kubwa zaidi."

"Kubwa kuliko mlango?"

Fundi alishaondoka. Alipanda ngazi za nyuma hadi paani. Shuka za zahanati zilikuwa zimeanikwa safu kwa safu, nyeupe, zimelowa, zinapigapiga kwa upepo. Akavaa kofia ya sufu, akaivuta mpaka kwenye nyusi. Kinyago hakuwa nacho, ila alikuwa na kitambaa cha kazini. Akajifunga puani na mdomoni, kisogoni akapiga fundo. Kilikuwa kinanuka grisi. Akaingia kati ya shuka mbili, akachuchumaa. Magoti yalilia, naye akatabasamu chini ya kitambaa.

Sasa hapa ndipo alipokosea kosa ambalo mhasibu asingelikosea, wala mwalimu. Mtu anayechonga funguo kutwa ana mikono ambayo haijui tena rangi yake. Mafuta ya mashine, unga wa shaba, vumbi jeusi la kulainishia vitasa. Nyumbani Mama Povu alimwekea kitambaa chake pekee, kikombe chake pekee, na sehemu yake ya mlango ya kushika. Lakini paani upepo ulikuwa mkali, na shujaa anayesubiri lazima azuie shuka zisimfunue. Alizishika. Ukivuma huku, anashika hii. Ukivuma kule, anashika ile. Hakutazama mikono yake hata mara moja, maana macho yalikuwa mlangoni.

Mlango ulifunguka. Mtu mwenye shati jeupe aliingia, akatazama nyuma, akainama kwenye beseni na kuanza kufungua vifungo.

Jicho la Paa angeshuka kutoka juu kwa kamba. Fundi alitoka pembeni kwa magoti yaliyokufa ganzi. Alimrukia yule mtu mgongoni, akamkamata kola kwa mikono yote miwili, akapaza sauti kwa neno lile ambalo kila jengo huwa limelisubiri.

"Mwizi!"

Kola ikachanika mpaka begani. Wakaanguka pamoja juu ya beseni, maji yakawamwagikia, na hapo pua kwa pua fundi alimwona shemeji yake.

"Shemeji?" alisema.

"Nani wewe?" alisema kijana.

Fundi amefungua na kufunga milango ya kila namna, lakini hakuwa anajua kwamba neno lile ni kitasa cha upande mmoja. Likishatoka, halifunguliwi kwa ndani. Ngazi zilikuwa zinanguruma tayari. Walipanda vijana wa gereji iliyo chini ya jengo, akapanda mpangaji wa ghorofa ya pili na mswaki mdomoni, akapanda mama mmoja na kandambili mkononi. Kila mmoja wao alikuwa ameibiwa kitu wakati fulani wa maisha yake, na siku hiyo alikuwa amepata wa kumlipisha.

Wakatazama. Waliona watu wawili sakafuni. Mmoja amevaa shati zuri jeupe, limechanika. Wa pili amevaa kofia ya sufu kwenye jua kali, ameficha uso, mikono myeusi. Hapo panahitaji uchunguzi gani?

Teke la kwanza lilimpata fundi ubavuni. Alijaribu kusema, lakini kitambaa kilikuwa kimemwingia mdomoni. Kandambili ikafuata.

"Mwacheni, ni shemeji yangu," kijana alisema.

"Mheshimiwa, sogea," kijana wa gereji alimwambia kwa adabu. "Sogea tu, bosi, usije ukachafuka. Huyu tuachie sisi."

Mdogo wake Mama Povu hakuwahi kuitwa mheshimiwa maisha yake yote. Ni shati. Alilitazama jina hilo likipita, kisha akafanya kitu ambacho waheshimiwa huwa hawafanyi: alijilaza juu ya fundi, akamfunika kichwa kwa mikono. Ngumi iliyokuwa inakuja haikuweza tena kusimama. Ilimpasua mdomo. Nyingine ikamkaa jichoni.

Kilichowatenganisha ni shuka. Mama Povu alikuwa amepanda kuanua, na alichokiona cha kwanza si mumewe wala mdogo wake. Aliona watu wanakanyaga kazi yake. Alishika shuka iliyolowa, akaisokota mara moja kama anavyosokota kila siku, akaanza kuitembeza. Shuka iliyosokotwa na mwanamke aliyefua miaka kumi na mitano si jambo la kusimulia. Mpangaji wa ghorofa ya pili alimeza dawa ya meno.

"Tokeni kwenye nguo za watu," alikuwa anasema, bila kelele, kila pigo na neno lake. "Tokeni. Kwenye. Nguo."

Waliposogea kando, mtu mmoja alimvua fundi ile kofia na kitambaa.

"Kumbe fundi," alisema kijana wa gereji. "Sasa fundi, mbona umevaa hivyo?"

Fundi aliuondoa uzi wa kitambaa ulimini. "Baridi," alisema.

Hakuna aliyecheka, bado. Wangekuja kucheka kwa miezi, na mpaka leo watoto wa jengo humwita Jicho. Lakini wakati huo Mama Povu alikuwa anamwangalia mdogo wake shingoni. Kipande cha kola kilikuwa kinaning'inia, na ndani yake uzi wa kijani. Kijani ni daktari.

Aliokota jaketi la mdogo wake, akamvisha, akampandisha zipu hadi kidevuni kwa mkono wake mwenyewe.

"Tushuke," alisema.

*

Chini waliutandaza mzigo sebuleni. Binti alikuwa amesharudi kutoka shule, siku hiyo waliachiwa mapema. Alihesabu shuka moja baada ya nyingine, na kwenye karibu kila moja palikuwa na mkono mweusi, vidole vitano vimetanuka, kama mtoto wa chekechea aliyepewa rangi.

"Alama za vidole zimepatikana," alisema. "Mhalifu anajulikana."

"Usimcheke baba yako," mama yake alisema, ingawa sauti yake haikuwa na nguvu ya kukataza.

"Sicheki, mama. Nikianza sitaacha."

Mama Povu aliwasha jiko, akapasha maji. Grisi aliianza kwa mafuta ya taa, kwa kitambaa, dole moja baada ya jingine, halafu sabuni ya mche, halafu maji ya moto. Fundi alitaka kusaidia. Aliambiwa akae na mikono yake aiweke mapajani ambapo inaonekana. Kijana alikuwa kwenye kochi na kitambaa cha baridi jichoni, na alikuwa ameshayasema yote: la dereva, la mtu wa maabara, la duka la samani. Aliyasema akiangalia zulia. Dada yake alisikiliza huku anasugua, na hakumwuliza swali hata moja, jambo ambalo lilimwumiza kuliko lile la mdomoni.

"Nimepata," fundi alisema. "Tuwaambie ni mbwa."

"Mbwa gani?"

"Mbwa amepanda paani, akachafua shuka, akararua shati."

"Mbwa mwenye vidole vitano," binti alisema. Alikuwa amekiokota kile kitabu kilichokuwa juu ya meza, anakifunua. Alisimama kwenye ukurasa mmoja. "Baba, hii uliisoma?"

"Nimeisoma yote."

"Hapa anampiga mtu mwenye gunia ngazini, akidhani ni mwizi. Kumbe ni muoka mikate anapeleka unga kwake."

"Ndiyo. Ndipo anapojifunza. Ukurasa unaofuata yuko juu ya paa, amejuta, anajifunga bandeji mkononi."

"Bandeji yake yeye," binti alisema. "Na muoka mikate nani kamfunga? Nimetafuta mpaka mwisho, hayupo tena."

Fundi alikichukua kitabu. Alitafuta na yeye. Alikuwa amesoma ukurasa ule tangu ana miaka kumi na moja, na muoka mikate, kweli, hayupo tena.

Hadi jioni shuka zote zilikuwa zimetakata isipokuwa tatu, ambazo zilibaki na kivuli cha kijivu, ukitaka kukiona unakiona. Shati la daktari Mama Povu alilifua, akalinyoosha, akalikunja, kola imechanika vilevile. Hakulishona.

"Shona basi," mumewe alimwambia. "Huenda asione."

"Nikilishona nitakuwa nimedanganya kwa sindano."

*

Ijumaa asubuhi walikwenda wote watatu. Mama Povu alibeba kapu, na wanaume wawili walifuata nyuma kama watoto wanaopelekwa kwa mwalimu mkuu. Fundi alikuwa anachechemea. Benchi la wagonjwa lilisogea kuwapa nafasi.

Sista mkuu alikuwa mwanamke mfupi mwenye saa iliyobandikwa kifuani. Hakuangalia kapu. Alimwangalia kijana.

"Mdomo huo nani kautazama?"

"Hakuna, sista. Ni kidogo tu."

"Kidogo unakijua wewe? Kaa hapa."

Kwa hiyo ikawa kwamba Mama Povu aliisimulia habari yote huku sista anamshona mdogo wake mdomo, na mdogo wake hakuweza kuongeza wala kupunguza. Alieleza mashati. Alieleza paa. Alipofika kwenye kofia ya sufu, sista alisimamisha sindano.

"Subiri. Huyu hapa ndiye alikuwa amevaa kinyago?"

"Ndiye."

"Kwa nini?"

Kila mtu chumbani alimgeukia fundi. "Nilikuwa namsubiri mwizi," alisema.

"Na kinyago ni ili mwizi asikujue?"

"Ndiyo."

"Mwizi anaishi kwako."

"Hilo, sista, nilikuwa sijaambiwa."

Sista alimaliza kushona, akakata uzi, akanawa. Kisha ndipo alipolifungua kapu. Alizinyanyua zile shuka tatu kwenye mwanga wa dirisha, akakiona kivuli. Alilikunjua shati, akauona mchaniko. Mama Povu alisimama na mikono yake iliyochubuka kwa mafuta ya taa, akasubiri. Mtu aliyefua damu ya watu miaka yote hiyo bila kulalamika sasa alikuwa anasubiri aambiwe kama ataendelea kuifua.

"Daktari nitamwambia mimi," sista alisema. "Yeye atacheka kwanza, akasirike baadaye. Mimi nimeanza na kukasirika." Akalikunja shati tena. "Umeniletea ukweli na sikuutegemea, kwa hiyo sikufukuzi. Lakini nguo za watumishi siwezi kukuachia. Nikae mimi na dereva, nimwambie nini, kwamba shati lake lilikwenda kuomba kazi? Hizo nitampa mwingine. Shuka na foronya endelea nazo, tuone."

Nguo za watumishi ndizo zilizokuwa na nafuu, maana shuka ni nzito na malipo yake mepesi. Wote chumbani walilijua hilo.

"Asante, sista," Mama Povu alisema.

Alisema asante hiyo kwa kuinama kidogo, na fundi, aliyekuwa amepigwa mateke na nusu ya jengo, alihisi kwamba pale ndipo alipopigwa.

*

Jumapili alasiri fundi alinawa mikono. Alinawa kwa mafuta ya taa, kwa sabuni, kwa mswaki wa zamani, mpaka binti akaja kuuliza kama ameumia. Kisha alifungua kabati, akatoa shati lake jeupe, lile alilolivaa kwenye misiba na vikao vya shule, akamkabidhi binti alinyooshe, kwa kuwa yeye asingethubutu.

Kijana alilijaribu mbele ya kioo. Lilikuwa kubwa mabegani na fupi mikononi. Jicho lilikuwa limeanza kufunguka, na nyuzi za mdomoni zilimfanya aonekane kama mtu anayetaka kutabasamu kisha akaghairi.

"Watanirudisha," alisema. "Kwa uso huu."

"Waambie ulikuwa unamwokoa mtu," binti alisema. "Si uongo, mjomba."

"Kunja mikono ya shati," Mama Povu alisema. "Hivi. Ukikunja hakuna anayejua ni fupi." Alikuwa amepiga magoti anampachika kifungo cha chini, na sauti yake kwa mdogo wake ilikuwa imeanza kurudi, ingawa bado ilikuwa inatembea taratibu.

Fundi aliangalia hali ile ya amani ndogo, na badala ya kuiacha kama ilivyo, akaona imefika saa ya kuweka hesabu sawa. Mtu aliyekosa sana huwa na haraka ya kugawana.

"Mimi nimekubali," alianza. "La kinyago ni langu. Shuka ni zangu, kola ni yangu, na kelele ni yangu. Nimemwambia kila mtu hapa jengoni, hata asiyeuliza. Lakini na sisi tuambiane ukweli."

"Tuambiane kesho," mkewe alisema na sindano mdomoni.

"Hapana, niache niseme, sisemi kwa ubaya. Shati si hili hapa? Lilikuwa kabatini siku zote. Kabati halina hata kufuli. Mimi nafunga milango ya mji mzima, kabati langu halina kufuli. Nguo za watu zinabebwa kwenye kamba, na shati la shemeji yake limening'inia hatua mbili kutoka kochi analolalia."

"Mtu huona aibu, mume wangu."

"Aibu kwangu? Mimi ni mgeni? Angesema neno moja tu, shemeji, nina shida ya shati. Mimi ni mtu wa kumnyima? Wewe mwenyewe niambie, mimi ni mtu wa kunyima?"

Mkewe alirudi kwenye kifungo. Binti alikuwa anakunja waya wa pasi.

"Basi," fundi alisema, na sasa alikuwa amemgeukia kijana mwenyewe, kwa upole wa mtu aliyeshinda. "Mdomo wa kumchekesha mwenye duka ulikuwa nao. Kwangu mimi kilikushinda nini kuufungua?"

Kijana alikuwa anajitazama kiooni, anaiweka kola sawa kwa vidole viwili.

"Niliufungua, shemeji," alisema. "Ukaniambia ningoje umalize ukurasa."